Ruhusa ya Kuyumba

Kiharusi kilimnyang'anya mama ulimi na mkono wa kulia. Nilimhamishia chumbani kwangu, kitanda chake kikakaa ubavuni mwa cherehani, nikawa nashona huku namtazama. Machozi yangu yaliishia hospitalini. Tangu hapo nafanya kazi tu.

Kila magharibi, akishamaliza kuswali kwa ishara, mama alianza kuyumba. Kulia, kushoto, taratibu, macho kafumba. Miaka yote aliileta dhikri hivyo pamoja na wanawake wenzake. Sasa maneno yalikuwa yameondoka, umebaki mwendo. Nilijua anasema nini. Nilisimamisha cherehani nisimkatize.

Kaka yangu ni ustadhi wa madrasa. Kwake kila kitu sharti kipite kitabuni kwanza, hata kicheko. Siku aliyokuja kumjulia mama hali, alisimama mlangoni akakunja uso.

"Huku kuyumba ni uzushi, mdogo wangu. Dhikri inataka utulivu."

"Mwambie mwenyewe. Labda atakujibu."

Aliketi kitandani, akamshika mama mabega. Kwa upole, nisimsingizie. Akamshikilia mpaka akatulia. Mama alifumbua macho, akamtazama.

Kesho yake hakuyumba, wala siku zilizofuata. Magharibi ikiingia anaangalia ukuta.

Nilimpigia kaka simu. "Ulimi ulichukuliwa na maradhi," nikamwambia. "Kilichobaki umekichukua wewe." Nikakata, nikarudi kushona mikono ya sare za shule. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja.

Sifa moja kaka anayo, akitiwa shaka huenda kuuliza. Alikwenda kwa sheikh wake, akarudi kanywea.

"Sheikh anasema wanazuoni wamehitilafiana. Wapo wanaokataza, wapo wanaoruhusu madhali si mchezo. Kisha akaniuliza, asiye na ulimi, ukimkataza kuyumba, amkumbuke Mungu kwa kipi?"

"Ukamjibuje?"

Alipiga magoti mbele ya mama. "Mama, hakuna ubaya. Yumba tu."

Mama akaendelea kuangalia ukuta. Basi kaka, yule yule, akafumba macho akaanza kuyumba yeye, kulia, kushoto, akilitaja jina la Mungu kwa sauti inayokatika, ili amkumbushe.

Mama alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima. Akamshika kaka bega kwa upole, akamshikilia mpaka akatulia.