Udongo wa Nyigu

Kwao walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na miaka tisa, na hakuna mdudu aliyekatiza uani bila yeye kutaka kujua aendako.

Mama yake alikuwa mfinyanzi hodari, lakini mwezi huo mikosi ilimwandama. Kila alichochoma tanuruni kilitoka na nyufa. Asubuhi hiyo alitupa mtungi wa kumi na moja kwenye rundo la vigae.

"Nachoma mara moja tena," alisema. "Vikipasuka, nafunga karakana, naenda mbali kutafuta kibarua. Mtabaki na shangazi yenu."

Kiherehere moyo ulimpasuka. Shangazi alikuwa mwema, ila hakuwa mama.

Wakati huo kaka yake alikuwa juu ya ngazi, anabomoa kwa ufagio viota vya nyigu vilivyobandikwa ukutani. Kimoja kikaanguka miguuni pa Kiherehere. Akakigeuzageuza. Kilikuwa kitupu, cha mwaka jana, kimepigwa na jua na mvua, na hakikuwa na ufa hata mmoja.

"Kaka, acha! Shuka!"

"Nimefanya nini tena?"

Kiherehere alichuchumaa akimvizia nyigu aliyekuwa anajenga. Nyigu akalipita shimo la udongo la mama, lililochimbwa tangu enzi za bibi, hata hakuligeukia. Akatua nyuma ya banda la kuku, kwenye tope jekundu, akaondoka na kidonge mdomoni. Safari ya pili, palepale. Ya tatu, palepale.

Kiherehere akajaza ndoo, akaikokota hadi karakana. "Mama, shimo la bibi limechoka. Finyanga na huu."

"Nani kakwambia?"

"Nyigu."

Kaka alicheka hadi akashika mbavu. Mama hakucheka. Aliusugua udongo ule kati ya vidole, kisha akaulamba kidogo.

"Hauna changarawe," alisema taratibu. "Wetu siku hizi umejaa."

Vyombo vilifinyangwa, vikakaushwa kivulini, vikachomwa. Siku ya kufungua tanuru, mama alitoa bakuli, akaligonga kwa kidole. Likalia safi, bila ufa. La pili likalia. La saba lilipolia, alijibwaga chini, naye akalia huku anacheka.

Kesho yake alisogea kwenye benchi lake, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Leo tunafinyanga wawili."