Bibi Ninini

Barnaba alianza muziki kwa shati lake la kawaida na gitaa. Alirekodi nyimbo kumi na moja kwa simu, akaziweka mtandaoni moja baada ya nyingine, na karibu hakuna aliyezisikiliza. Aliyempigia picha ni Salum, kijana wa Kigoma mwenye kibanda cha vifaa vya simu hapo Tunduma, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde.

"Sauti unayo," Salum alimwambia. "Ila sura yako haimsimamishi mtu."

Mwezi wa sita, siku moja ya baridi kali, Barnaba alikuja kibandani amevaa sweta la kike la kijani ambalo shangazi yake alimpa alipoondoka Ileje. Salum akacheka. Ili kumchekesha zaidi, Barnaba akajifunga kitenge kiunoni, akazungusha kilemba kichwani, akajipaka unga usoni, na kuanza kutembea katikati ya malori akiburuta mguu. Kisha akaimba kwa kigugumizi, sauti ikikwama mwanzoni mwa kila mstari: "Ni-ni-ni-nipisheni nipite, malori yenu marefu!" Madereva wakapiga honi. Salum alikuwa ameshawasha kamera.

Baada ya siku tatu video hiyo ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Wakamwita Bibi Ninini. Wasichana wa Nakonde waliigiza mguu wake. Watoto wa shule waliimba wimbo wake wakivuka barabara. Barnaba akatoa video ya pili, ya tano, ya kumi na mbili, zote na sweta lile lile. Akaitwa kuimba kwenye kumbi za Vwawa na kwingineko Mbozi, na kila mara alipotaka kuimba kwa sauti yake mwenyewe, watu walipiga kelele wakimtaka bibi.

Hakumwambia mtu yeyote kwamba bibi huyo yupo. Anaitwa Gwantwa, anakaa Ikinga, huko Ileje, na ni dada wa marehemu baba yake. Alimchukua Barnaba akiwa na miaka sita, akamlea pamoja na binti yake Ferista. Mguu wake uliumia shambani. Kigugumizi alizaliwa nacho. Alipompigia simu Barnaba na kumuuliza muziki unaendaje, Barnaba alijibu, "Vizuri, shangazi. Naimba tu." Simu ya shangazi ilikuwa ya vitufe, isiyoonyesha video, na jambo hilo lilimpa Barnaba utulivu ambao yeye mwenyewe hakupenda kuufikiria.

Mwezi wa tisa Ferista akaolewa na Yesaya, fundi seremala wa Nanyala. Barnaba alipanda gari la Noah hadi Itumba, kisha bodaboda hadi Ikinga, akafika sherehe imeshaanza chini ya turubai karibu na kanisa. Ferista alimwona, akakaza macho, halafu akatazama pembeni. Barnaba akajua kwamba yeye ameziona zile video.

Mshereheshaji akamwita mama wa bibi harusi aje kusema neno. Shangazi Gwantwa akasimama. Alikuwa amejiandaa wiki nzima, Barnaba alisikia baadaye, akirudia maneno yake jikoni. Alitembea polepole hadi mbele. Vijana wa meza za nyuma wakaanza kunong'ona walipouona mguu ule. Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Ni-ni-ni..."

"...nipisheni nipite!" wakamalizia vijana kwa pamoja, na turubai zima likaangua kicheko.

Shangazi alitabasamu. Alidhani kuna jambo la kuchekesha nyuma yake, akageuka kuangalia. Hakuona kitu. Akaanza tena, "Ni-ni-ninamshukuru..." na wimbo ukaimbwa tena, sasa hata na watu wazima. Mshereheshaji, aliyetoka Itumba na hakujua lolote kuhusu familia hiyo, akachukua maikrofoni ya pili.

"Jamani, mwenye wimbo si tunaye humu humu? Nimeambiwa Bibi Ninini ni kijana wa hapa Ikinga! Barnaba yuko wapi?"

Watu wakageuka. Shangazi naye akageuka, akamwangalia Barnaba akisubiri, kama mtu anayetegemea kuelezwa.

Barnaba akatikisa kichwa. "Siyo mimi," alisema, kwa sauti iliyosikika na waliokuwa karibu tu. Kisha akainuka na kutoka kwenye turubai kama mtu aliyepigiwa simu, na kweli alikuwa ameweka simu sikioni, ingawa hakuna aliyempigia. Alipofika nyuma ya kanisa alisikia mjomba mmoja akisema neno kwa niaba ya mama. Shangazi alikuwa ameirudisha maikrofoni na kuketi.

Asubuhi Barnaba alimkuta shangazi jikoni akiosha masufuria ya sherehe.

"Nataka ku-kuiona," alisema bila kugeuka.

"Shangazi, ni mambo ya kipuuzi tu..."

"Barnaba. Ni-nionyeshe."

Akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda, akashika simu mbali kidogo na macho. Aliangalia video ya kwanza mpaka mwisho, kisha ya pili. Hakukasirika. Barnaba angefurahi kama angekasirika. Shangazi aliangalia kwa makini, kama anayeangalia picha ya kipimo cha hospitali.

"Kumbe ndivyo ninavyoonekana," alisema.

"Hapana, shangazi. Nimetia chumvi."

"Sweta ni la-langu."

"Ndiyo."

"Ulianza kunicheka lini? Ulipokuwa mdogo, nikikuita uje kula, ulikuwa unanicheka?"

Barnaba alitaka kusema kwamba hajawahi kumcheka. Ilikuwa kweli. Utotoni sauti ile ilikuwa sauti ya nyumbani tu. Ila alijua kwamba jibu hilo linamfanya aonekane mbaya zaidi, kwa sababu asiyemcheka ndiye aliyemtoa akachekwe na nchi nzima. Machozi yalimtoka, na akaona aibu hata ya machozi yenyewe, kana kwamba anaomba yeye ahurumiwe.

Siku hiyo hiyo akafuta ukurasa wake wote. Salum alimpigia akifoka: "Una wazimu? Jumamosi tuna onyesho Nakonde!" Barnaba akamwambia bibi ni nani. Salum akasema, "Ungeniambia mapema, kaka," na akakata simu.

Akarudi jikoni. "Nimefuta, shangazi."

"Kwa hiyo ha-haipo tena?"

Alifikiria kudanganya. "Ipo. Watu wameshaihifadhi kwenye simu zao. Wengine wanaigiza wenyewe."

"Basi hujafuta."

Wiki mbili baadaye shangazi alimpigia simu. Hakusalimia sana. Alimtaka waende pamoja Nanyala kwa Ferista. Barnaba alidhani anaitwa kuomba radhi, akaandaa maneno mengi. Walipofika, Ferista aliwakaribisha ndani, na Yesaya akaacha randa yake akaja kukaa. Barnaba akafungua mdomo.

"Wewe sikiliza," shangazi alimwambia.

Akasimama katikati ya sebule ndogo, akamtazama binti yake, na kuanza kusema yale aliyotaka kuyasema siku ya harusi. Yalichukua muda mrefu. Alisema jinsi Ferista alivyozaliwa wakati wa mvua nyingi, barabara ikiwa imekatika. Alimwambia Yesaya asimpandishie sauti. Maneno mengine yalikwama hata mara tano, sita. Kila yalipokwama, Barnaba alilijua neno linalofuata, na mwili wake ulitaka kumsaidia kulimaliza. Akajikaza, akasubiri lifike lenyewe. Aliinamisha kichwa. Shangazi akakatisha sentensi katikati.

"Ni-niangalie," alimwambia.

Akainua uso, akamwangalia mpaka mwisho. Ferista alilia. Yesaya aliitikia, "Nimesikia, mama," na kurudia ahadi zake za harusi moja moja.

Jioni waliteremka kusubiri gari barabarani. Mkoba wa shangazi ulikuwa na mahindi mabichi na ulikuwa mzito. Barnaba akanyoosha mkono kuupokea.

"Acha," shangazi alisema. "Nitabeba."

Akatembea mbele, mguu wake ukichora mstari kwenye vumbi. Barnaba hakumpita. Alimfuata nyuma, hatua kwa hatua, kwa mwendo wa shangazi.