Mrumi Aliyekufa Kwenye Ngozi Yake

Kwa maneno ya jirani Burito, aliyerudi na habari kutoka mnada wa Bunda, kijana wa mama Keraryo, Magige, alipigishwa magoti na mapadri kule shuleni Musoma, akalitema jina la babu yake kwenye beseni, na lile beseni likamwagwa ziwani. "Nimeambiwa na mtu aliyeliona beseni kwa macho yake," Burito alisema, akanyoosha kata aongezewe uji.

Beseni halikuwepo. Nyamburi alilijua hilo siku mdogo wake Magige alipofika nyumbani Butiama kwa likizo, akaeleza mwenyewe, tena kwa majivuno: kwenye somo la Kilatini kila mwanafunzi huchagua jina la Kirumi la kuitiwa mle darasani. Yeye alichelewa, akakuta mazuri yamebebwa, akachukua la mfalme. Nero.

"Nero nani?" mama yao Keraryo akauliza.

"Mfalme wa Roma, mama. Alikufa zamani sana."

Hapo ndipo alipoharibu. Kwao jina la marehemu si shati la kuazima. Ukilibeba, umemkaribisha mwenyewe akae ndani yako, na tabia zake, na kifo chake. Magige alipewa jina la babu yake kwa sababu mzee yule alikufa amelala kwenye ngozi yake ya kulalia, wajukuu wamejaa mlangoni.

"Alikufaje?"

Magige alikuwa mkweli hata pasipohitajika. "Alijiua. Ila hiyo ni baada ya kumuua mama yake."

Keraryo aliweka mwiko chini polepole. Tangu siku ile alimpakulia mwanawe mguu mmoja ukiwa nje ya mlango.

Kuna zaidi. Kila muhula Keraryo alimtemea Magige maji ya baraka kifuani, na bila maji yale Magige alisema harudi shule ng'o. Safari hii mama alikataa. Nyamburi aliachia masomo darasa la nne ili mdogo wake aendelee. Magige akibaki nyumbani, basi wote wawili wamebaki.

"Chagua mwingine," Nyamburi akamwambia. "Lete hicho kitabu cha Warumi."

Wakakaa uani. Magige akasoma, mama akapima.

"Kaisari. Alichomwa visu na rafiki zake."

"Pita."

"Sisero. Walimkata kichwa. Na mikono."

"Mikono nayo ilikosa nini? Pita."

"Seneka. Alilazimishwa akate mishipa yake mwenyewe."

"Alilazimishwa na nani?"

Magige alitazama kuku. "Na Nero."

Keraryo akasogeza kigoda chake nyuma. "Hawa Warumi walikuwaga hawazeeki?"

"Yupo Augusto. Alikufa kitandani, mzee, mkewe pembeni."

"Huyo huyo! Mbona ulikuwa unamficha?"

"Mseti wa Kibara amemchukua."

"Mtoto mdogo vile alijuaje?"

"Hakujua. Bibi yake alikwenda shuleni kumchagulia."

Wivu ulimwinua Keraryo kigodani. Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maji na kanga ya safari.

Jumatatu wote watatu walishuka kwenye lori Musoma, kibuyu mikononi mwa mama, hakijamwagika hata tone. Padri wa Kilatini alikuwa barazani pa shule na kitabu chake cha Warumi. Alipowaona alitazama barabara nyuma yao, kama mtu anayetaka kujua akina mama wengine wangapi wanafuata.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Kumbe umerudi, Nero!"

Keraryo alishtuka mpaka maji yakalia kibuyuni. Nyamburi akamshika kiwiko, akamwambia kwa sauti ndogo, "Sema, mama. Sema ulilojia."

"Padri, kitabu chako nimesomewa chote," Keraryo akasema. "Watu wazima wale, wamekufa vibaya karibu wote, nawapa pole. Sasa sisi tunaye wetu. Baba mkwe wangu, Magige. Hakuua mtu, aliua chui mmoja tu, na yule chui alianza. Alizeeka, akalala, hakuamka. Mwandike humo awe Mrumi, kijana aitwe yeye. Tunakuomba."

Hakungoja. Alijaza maji mdomoni, mashavu yakavimba, akamgeukia mwanawe. Magige tayari alikuwa amefungua vifungo vya shati.

Nyamburi hakuwatazama wao. Alimtazama Padri, aliyekuwa ameinamia kitabu, kidole kikitafuta nafasi katikati ya ukurasa, masharubu yakimtikisika kwa kicheko alichokibana.