Élie Alisema Bamutoshe

Muntu anaweza kusema maneno ya kucheka, kisha ile maneno ikatoka mu mulango, ikapanda pikipiki, ikafika fasi yenye yeye mwenyewe hangetuma. Élie Kalaba alionaka ile na macho yake, hapa hapa Lubumbashi, asubuhi, jua iko inawaka na bantu beko banaenda ku kazi.

Élie anafanyaka redio. Émission yake, kipindi yake, iko ya asubuhi, na mu muji hakuna muntu mwenye haisikilizake: mama ya mikate, shofele ya taxi, ba papa benye banangojea bisi ya kupanda Kinsevere ku mine ya shaba. Bantu banapiga simu, banamuita Ya Élie ao grand, maana kaka mukubwa, banalalamika, Élie anajibu, bote banacheka. Lakini ile mwaka, kisha kucheka, bakaanza kumutii. Alisema mu antenne, hewani, kama mutunza-pesa ya parti Jembe hana haya, na kisha siku kidogo parti ikamufukuza. Alisema ba jeune, bale bijana ya parti, balilala, bakatosha chef yabo, bakaweka ingine, kijana moya jina yake Chance. Kutoka pale bakubwa ba parti bakazoea kupita mu studio na samaki ya kukauka ya Kasenga mu sashe ya plastiki, banauliza, « Élie, bantu banasema nini juu yetu? » Na Élie ile ilimufurahisha. Tusifiche, ilimufurahisha mingi.

Prezida ya parti Jembe mu provinse ya Haut-Katanga alikuwa Papa Symphorien Mukuka, muzee munene mwenye anachekaka na tumbo yote, anakaa Kasungami, nyumba yenye iko na shamba ya mahindi nyuma. Yeye ni muntu ya Kasenga, ku muto Luapula, mu bukoo ya Bena Ngo, bantu ba chui. Élie, baba yake alitoka kule kule, lakini beko Bena Mbushi, bantu ba mbuzi. Na kule Luapula, chui na mbuzi ni banungwe. Munungwe yako anaweza kukutukana mbele ya bakwe yako. Anaweza kuingia ku kilio ya baba yako, akalala chini pembeni ya sanduku, akasema muzee alikufa juu ya ulafi. Na wewe haukasirike. Ukikasirika, ni wewe mubaya. Njo bunungwe.

Basi ile asubuhi mama moya akapiga simu. « Ya Élie, siku ya samedi parti Jembe inachagua prezida. Papa Symphorien atarudia ku kiti? »

Élie hakuwaza hata kidogo. Ulimi yake ilikuwa na njaa ya ule muzee.

« Nani, ule Ngo? Mama, ule alikwisha kufa, ni kuzika tu njo inabakia. Hamusikie harufu? Ba jeune ya Jembe, munangojea nini? Muende leo leo, mumutoshe mu nyumba na kiti yake, mumutupe mu mahindi. Mubakishe tu ngozi, sisi Bena Mbushi tutaikalia. »

Mwanamuke mwenye anashikaka mashini upande ingine ya kioo, jina yake Mimi, akacheka mupaka akainamia meza. Na hata mbele ya publicité ya biashara kuisha, sauti ya Papa Symphorien ikaingia mu WhatsApp ya Élie: « We mbuzi, endelea kulia. Samedi nitakula mukila yako na bukari. » Nyuma yake Maman Estelle, bibi yake, anasikika anacheka pia. Élie akaisikiliza mara mbili juu ya utamu.

Kisha Mimi akaingia mu studio. Haingiake wakati ya antenne. Akaweka telefone yake mbele ya Élie, akaifungua isikike.

Ilikuwa sauti ya Élie. Fupi tu. « Ba jeune ya Jembe, munangojea nini? Muende leo leo, mumutoshe mu nyumba. » Pale ikakatika. Ngo haikuwamo, mbuzi haikuwamo, kicheko haikuwamo. Chini yake muntu aliandika, ÉLIE AMESEMA, na ile kintu ilikuwa inatembea mu ba groupe kama moto mu majani ya kukauka.

« Si ni bunungwe, » Élie akasema.

« Wewe unajua. Miye najua. Huyu mutoto ya commune ya Katuba ao ya Kenya, hapa hapa muji, mwenye alizaliwa mu muji, baba yake alizaliwa mu muji, bunungwe ataijulia wapi? Yeye anajua kintu moya: ukisema, parti inafanya. »

Élie akataka kujibu. Telefone yake ikalia tena, sauti ya Papa Symphorien. Hii mara hakuna muntu mwenye anacheka nyuma.

« Élie. Iko bantu ku portail ya nyumba. »

Basi. Élie akavaa casque ku masikio, Mimi akarudia mbio ku mashini, taa nyekundu ikawaka.

« Bandugu, munisikilize muzuri. Ile nilisema juu ya Papa Symphorien ilikuwa ya kucheka. Yeye ni munungwe yangu. Kwetu tunatukanaka vile. Bantu benye beko Kasungami barudie ku nyumba. »

Laini yote ikawaka. Akachukua ya kwanza.

« Ya Élie, ni Chance. Tuko hapa ku muzee. »

« Chance, ndugu yangu, umesikia vile nimesema? »

« Nimesikia. » Nyuma yake kulikuwa makelele, bantu mingi, na kintu ya chuma yenye banapiga-piga. « Lakini grand, sauti yako iko inatetemeka. »

« Inatetemeka juu munaniogopesha. »

« Wewe hautetemekake. Ulitukana gouverneur mu antenne, haukutetemeka. Iko muntu nyuma yako? Kama beko hapo, usijibu. »

« Hakuna muntu, Chance. Ni miye na Mimi. »

« Ameogopa kusema, » Chance akaambia bale ba pembeni yake, na Élie akaisikia, na Lubumbashi muzima ikaisikia. « Balimukamata. Muzee alituma bantu bamulazimishe. » Makelele ikapanda. Kisha sauti ya kioo yenye inavunjika.

Élie akachukua laini ingine, na ingine. Mama moya akamuambia tutakuombea. Muntu ya Kampemba akamuambia usikubali kukana maneno yako, tuko pamoja. Kila mara alisema ilikuwa muchezo, banamupa pole. Maneno ya kucheka balikubali mara moya. Maneno ya kweli, hakuna mwenye aliitaka.

Mimi akainua telefone ya Élie nyuma ya kioo: Papa Symphorien, anapiga simu direct. Élie akaweka muziki, akashika.

« Monsieur Kalaba. »

Pale njo Élie aliogopa kabisa. Ule muzee hakumuitaka vile hata siku moya. Ni mbuzi, ni nyama, ni mutoto ya mbuzi. Monsieur haikukuwaka.

« Papa, nimejaribu, habataki kun'... »

« Balikwisha kuingia mu lupango, ndani ya uzio. Banatupa majiwe ku mabati. Estelle iko chini ya kitanda, pressure imemupanda. » Alikuwa anasema pole pole, pumzi fupi. « Nikitoka miye kubaongelesha, bataniua. Sema mu redio kama nimeacha kiti. »

« Papa, ile haiko kazi yangu. Parti iko na sheria, iko na... »

« Tangu lini haiko kazi yako? » muzee akauliza. « Sema. »

Élie akasema. Akakaza tumbo, akatafuta ile sauti munene ya kila siku, na juu ilikuwa ya kuokoa muntu, ikakuja. « Ba jeune ya Jembe. Prezida Symphorien Mukuka ameacha kiti, saa hii. Mufungue portail. Yeye na Maman Estelle bapite na gari yabo. Mwenye atabagusa, ataniona na miye. »

Ku simu ya Papa Symphorien, yenye ilikuwa ingali wazi pembeni ya mikro, Élie akasikia makelele ikatulia. Ikatulia moya kwa moya, kama muntu amefunga robinet ya maji. Akasikia Chance anasema, « Grand amesema bapite. » Portail ikalia. Moteri ya gari ikawaka, Maman Estelle analia pole pole, kisha barabara. Mimi akaweka mikono yote mbili ku uso.

« Papa? »

« Tuko na njia ya Kasenga. »

« Papa Ngo, unisamehe. »

« Usiniitake tena vile, » Papa Symphorien akasema. « Ile muchezo, miye na wewe, iliisha. » Na akakata.

Élie akabakia na telefone ku sikio. Baba yake na baba ya ule muzee balitukanana maisha yabo yote. Lakini hakupata hata nafasi ya kulia, laini ilikuwa inawaka.

« Grand, ni Chance. Amepita, hatukumugusa. Sasa kiti iko wazi. Tunaweka nani? »

« Munaweka nani vile gani? Parti itachagua samedi. »

« Ya Élie, usituchoshe. Sema jina. »

« Sisemi jina ya muntu. Nimekataa. »

« Vice-prezida ya muzee, Maman Régine? Anakaa Bel-Air, karibu. Tumuweke yeye? »

Élie akafungua kinywa. Akisema ndiyo, ni yeye amemuweka. Akisema hapana, ni yeye amemutosha. Maman Régine Kapya alikuwa mama moya ya soko, ya kitenge na ya Biblia, hakumukosea muntu. Kinywa ikafungika. Akanyamaza, na kunyamaza yake ikaenda mu redio yote ya muji.

« Tumeelewa, » Chance akasema.

« Mumeelewa nini? Chance. Sijasema kintu. »

« Njo ile tumeelewa. Angekuwa muzuri, ungesema. Tunaenda. »

Laini ikafa. Élie akaipiga tena, hapana. Akapiga Maman Régine, telefone inalia tu, inalia, hakuna mwenye anashika. Akatupa casque.

« Weka émission ya jana, » akaambia Mimi. « Naenda miye mwenyewe. Bakiniona na macho bataelewa. »

« Élie, usiende. »

« Ni maneno yangu, Mimi. »

Akapanda moto ya kwanza, pikipiki ya taxi yenye alikuta inje. Motard, mwenye kuendesha, alikuwa na redio ndogo mbele ku usukani, na mu ile redio Élie ya jana alikuwa anacheka juu ya bei ya bunga. Motard naye anacheka. « Huyu papa, » akasema, « huyu njo mukubwa ya muji. Ungemujua, ungemupenda. » Élie akamuambia apite mbio mupaka Bel-Air.

Avenue ya Maman Régine ilikuwa imejaa. Ba jeune ba mashati ya Jembe, bamoya na majiwe mu mikono, bamoya na ma telefone juu banakamata video. Portail ilikuwa ya bluu, na ilikuwa inainama kila mara banaisukuma. Élie akashuka, akapita katikati yabo na mabega, akageuka, akaweka mugongo yake ku chuma.

« Muache. Ni miye Élie. Muache huyu mama. »

Bale ba mbele bakamuangalia. Muntu mufupi, shati ya jasho, miwani yenye imefunikwa na mavumbi. Hakuna hata moya mwenye alimuonaka mbele. Redio haionyeshake uso.

Kijana mwenye kofia nyekundu akakaribia. Alikuwa na telefone ku mufuko ya shati, antenne ya asubuhi inasikika wazi. « Élie gani? »

« Élie Kalaba. We ni Chance? Ni miye, tumesemezana saa hii hii. »

Chance akashika ile mufuko yake, akainua sauti ya telefone. Kicheko ya Élie ikatoka, munene, ya raha, bei ya bunga. « Ya Élie iko ku studio, » Chance akasema. « Tunamusikia bote. We ni nani? Ni mama huyu amekulipa? »

« Ile ni ya jana. Ni Mimi anaiweka. Ungojee, ungojee kidogo. » Akatosha telefone, akapiga ku studio. « Mimi, kata. Kata ile bande ya jana saa hii, beko hapa habaniamini. »

Mimi akakata.

Kicheko ikakatika katikati. Mu mufuko ya Chance, mu ma telefone yote, mu redio ya boutique ya ngambo ya barabara, hakuna kintu, ni upepo tu. Bantu bakaacha kusukuma portail. Nyuma ya ile chuma, Élie akasikia Maman Régine anapumua, karibu karibu, kama iko ameweka paji ya uso pale pale.

« Bamemukata, » muntu moya akasema nyuma.

« Bamemukamata ku studio. »

Chance akatosha telefone mu mufuko, akaitikisa, akaiweka ku sikio. Kisha akamuangalia Élie, na macho yake ikashuka pole pole mupaka ku telefone yenye Élie alikuwa angali anashika mu mukono.

« Umepiga simu, » akasema, « na redio imekufa. »

« Chance, nisikilize sauti yangu. »

« Naisikiliza, » Chance akasema. « Iko inatetemeka. Ya Élie hatetemekake. »

Na bale ba nyuma bakaanza kusogea mbele, ili basikie muzuri huyu ni nani.