Bushi za Mbele

Fundi alikuwa ametengeneza magari ya watu kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote pikapu yake mwenyewe haikuwahi kufika mahali bila kujitangaza. Iligonga mbele kushoto, kisha mbele kulia, na kwenye matuta iligonga kote kwa pamoja, kiasi kwamba mkewe alimsikia akiwa bado mbali na alipata muda wa kutosha kupasha chakula moto. Fundi alisema ni bushi tu, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu. Alisema hivyo kwa miaka sita.

Kilichomwamsha ni nyonga ya mama mkwe. Mama huyo, mshonaji mstaafu mwenye ulimi ambao haukustaafu naye, aliteleza bafuni kwake, akavunjika, akafanyiwa upasuaji, kisha akaletwa kuuguzwa kwa binti yake. Wiki ya nane daktari akasema sasa anaweza kurudi kwake, ila kwa gari lisilomrusharusha, maana nyonga ikitikiswa vibaya wataanza upya. Kwake ni kilomita kumi na moja za mashimo, na gari la familia ni hilo hilo. Mke akapanga Jumamosi. Fundi akaitikia, na safari hii hakuwa na pa kujificha.

Watu walidhani atafurahi mgonjwa akiondoka. Hata mkewe alidhani hivyo, kwa sababu kwa miaka kumi na minne mumewe na mama yake walikuwa wakiamkiana tu, kisha kila mmoja anatafuta kitu cha kutazama. Lakini kiti cha mgonjwa kiliwekwa barazani, na baraza lilitazama ua ambamo fundi alimalizia kazi za gereji. Mama mkwe akaanza kuuliza hiki ni nini na kile kinafanya nini. Fundi akawa anajibu akiwa amelala chini ya gari, mahali ambapo mtu anaweza kuongea na mkwe wake bila kumtazama usoni, na maneno yakatoka. Kufikia wiki ya tano alikuwa akirudi mapema na kumdanganya mkewe kwamba kazi zimepungua.

Alhamisi aliipiga pikapu jeki, akaiegemeza kwenye magogo, akang'oa magurudumu na mikono ya chini. Raba iliyobaki kwenye bushi za zamani isingetosha kufutia penseli. Akapachika mpya, akarudisha kila kitu mahali pake, kisha akaanza kukaza bolti kama alivyofundishwa na kama alivyowakazia wateja wote: gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, spana ndefu, mguu mmoja ukutani.

"Mkwe," mama mkwe akasema kutoka barazani, "likishuka chini, huo mkono si utapanda?"

"Utapanda, mama."

"Na raba umeshaibana?"

"Nimeshaibana."

"Kwa hiyo itakaa imejipinda siku zote. Mimi mteja wa suruali nampima akiwa amesimama kwa miguu yake. Sijawahi kumpima mtu amening'inia mtini."

Fundi aliacha kukaza. Alikuwa akiwakumbuka mmoja mmoja wateja waliorudi baada ya miezi michache, raba zimechanika. Alikuwa amelaumu barabara, akalaumu viwanda, akalaumu madereva, na mara moja, Mungu amsamehe, alilaumu uzito wa mke wa mteja. Miaka ishirini na miwili. Akatamani ardhi impasukie, lakini kwa kuwa tayari alikuwa ameilalia na haikuonyesha dalili yoyote, akazilegeza bolti zote. Akaishusha pikapu, akaitikisa mpaka ikakaa vizuri kwa miguu yake, kisha akajipenyeza tena chini pale pasipoenea hata paka mnene, na kukaza upya. Alitoka na mkwaruzo puani. Mama mkwe akamwambia sasa imekaa mwilini.

Ijumaa alikwenda kuijaribu. Alipita kwenye mashimo yote anayoyajua na mengine ambayo alikuwa akiyakwepa, na haikugonga. Alirudi kimya kimya hivi kwamba mkewe hakumsikia, akala chakula baridi. Alitegemea atafurahi. Lakini alipokumbuka ule ua na kile kiti, moyo ulimwuma. Gari sasa ni zima, mama mkwe hana tena sababu ya kubaki, na sababu hiyo ameiondoa yeye kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi mke alikuwa na zamu kazini, angefuata jioni. Mama mkwe akapakiwa mbele na mto wake, mikongojo ikawekwa nyuma pamoja na cherehani yake. Kilomita mbili za kwanza alisifu bushi. Kilomita ya nne akafumba macho, kichwa kikaegemea kioo, na fundi akaendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Mgonjwa aliyeambiwa asitikiswe amelala usingizi kwenye pikapu yake. Hakuwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo na hakuwa na wa kumwonyesha.

Walifika. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, ufunguo uko kwenye mkoba wa mama mkwe, na mkoba uko mapajani mwake chini ya mikono yake. Fundi akasimamisha gari. Angemgusa bega tu, amwambie mama tumefika, kazi iishe. Hakumgusa. Alijiambia mgonjwa anahitaji kupumzika, jambo ambalo daktari yeyote angelikubali. Injini ikaendelea kunguruma. Zikapita dakika kumi, kisha ishirini. Jirani akachungulia dirishani, akaona watu wamekaa tu ndani ya gari, akarudi ndani. Dakika ya arobaini fundi alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mkwe," mama mkwe akasema, macho bado ameyafumba, sauti haina hata chembe ya usingizi. "Zima injini. Unamaliza mafuta bure."

Fundi akazima injini. Hakuna aliyefungua mlango.