Saa ya Bi Nunu

Bi Nunu hakuwahi kuigusa saa yake ya jikoni, na alishaapa hataigusa. Kila Aprili Marekani ikisogeza saa mbele, yeye husonya. Ati wanaongeza mwanga! Mwanga wenyewe ulimla usingizi, akaamka gizani kwenda kufua mashuka ya hospitali, na isha akaisali macho yakijifumba. Yasir, mtoto wa kaka yake aliyeishi naye Falls Church, aliupenda: akitoka kazini bado anawahi mpira. Waligombana kila mwaka. Basi kiangazi chote saa ile ilikuwa nyuma ya mtaa mzima, na Bi Nunu akijivunia.

Nikaha ya Fathiya, dada yake Yasir, ilipangwa Jumapili ile ya Oktoba ambayo saa zinarudishwa nyuma. Walii ni baba yao, Mzee Vuai wa Makunduchi, asiye na simu. Angekuja mjini, akae dukani kwa rafiki yake saa kumi jioni, ambayo Falls Church ni saa mbili asubuhi, apigiwe atoe idhini. Saa kumi na moja gari la shamba linaondoka, naye Mzee hangojei mtu. Bwana harusi, Jawad, kijana wa Mombasa, Mzee alimkubali kwa shingo upande. Mkichelewa, alisema, nitajua mnanifanyia mzaha.

Jawad na watu wake wakaingia na sinia la halua. Bi Nunu akatazama ukutani, akawacheka: hata saa moja haijatimia! Jawad akanyoosha mkono. Saa yake ilisema saa mbili kasorobo, na aliirudisha usiku kabla ya kulala. Bi Nunu hakutaka kusikia. Nyinyi watu wa kompyuta, akasema, mnajua kila kitu ila kukaa kitako.

"Saa hii haijaguswa na mkono wa mtu," akamwambia. "Leo serikali yenu ndiyo imeirudia."

Sheikh aliyekuja kufungisha ndoa akaona nyumba ina mwenyewe, akapokea kikombe. Chai ikanywewa, ikaongezwa. Mama yake Jawad akanuna.

Saa ya ukutani ilipofika saa mbili wakapiga. Mwenye duka akapokea. Mzee alikaa hapo saa nzima, kanzu yake imepigwa pasi, kisha gari likaja akapanda. Alimwachia Bi Nunu, dada yake, neno: habari ya ndoa hiyo imekwisha, asiitiwe simu tena.

Hapo Yasir akaingia na sufuria la biriani alilolifuata mtaa wa Shaw tangu alfajiri. Aliposikia akaliweka chini, akashika kichwa. Kabla ya kutoka, alisema, aliirudisha saa ya jikoni nyuma, maana alijua shangazi yake hataigusa. Alisahau kwamba Aprili pia shangazi hakuipeleka mbele.

Bi Nunu akamjia juu. Mjinga, mharibifu, nani kamtuma? Fathiya akatoka chumbani, hina yake haijakauka.

"Yasir kakosea, shangazi. Lakini Jawad alikuonyesha saa yake, nawe ukamcheka."

Mama yake Jawad akaifunika halua, akainua sinia, akatoka nalo, watu wake nyuma yake. Jawad alikawia kidogo mlangoni, akamtazama Fathiya, kisha naye akaenda.

Bi Nunu akavuta kiti, akapanda, akaishusha saa ukutani, na kwa mkono wake mwenyewe akaisogeza mbele.