Niliyemjua kwa Kisogo

Simu ilinikuta sokoni Tororo, cherehani ikikimbia, gauni la bi harusi mapajani. Aliyepiga alikuwa askari, jina lake Opolot. Alisema Jumatatu alfajiri lori liligonga boda kwenye barabara ya Malaba, mwendeshaji akafa papo hapo, na namba iliyoonekana mwisho kwenye simu yake ni yangu.

"Wewe ni bibi yake?"

"Mimi ni abiria wake."

"Hata hapa kwa simu yake ameandika hivyo. Abiria Osukuru. Basi kuja utazame kama ni yeye. Kesho asubuhi baraza ya mji nazika wale hawana wenyewe."

Kwa miaka miwili kijana huyo alinichukua Osukuru kila asubuhi na kunishusha mlangoni mwa soko. Jumatatu nilimpigia, simu ikalia bure, nikapanda boda nyingine huku nimenuna. Nilikuwa nimenuna hadi Alhamisi hiyo ya simu.

Nilipitia kwanza kwenye steji yao, pale waendesha boda wanapongojea abiria. Ebong, mwenyekiti wao, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake bila kutafuta mteja.

"Mimi nimeenda kumwona," alisema. "Uso hakuna, Prossy. Nimeshindwa. Labda ni mwizi, amemwibia mwenzetu pikipiki na simu, halafu Mungu amemlipa."

"Na kwao mmewaambia?"

"Kwao wapi? Polisi wameuliza jina, tumesema Kenya. Wameuliza nyumbani, tumesema si ni Kenya tu?"

Ndivyo walivyomwita. Kiswahili chake kilinyooka, na hapa Tororo mtu akisema Kiswahili kilichonyooka hupewa nchi jirani hapohapo. Polisi walikuwa wamepeleka habari ng'ambo, Malaba na Busia ya Kenya. Hakuna aliyejitokeza.

"Si wewe ulimshika kiuno miaka mbili?" kijana mmoja alinichokoza. "Hata jina hukuuliza?"

"Nilishika chuma cha nyuma. Kiuno shika wewe."

Walicheka, kisha wakakumbuka, kila mmoja akageukia pikipiki yake.

Kwenye chumba cha maiti Opolot alibaki mlangoni. Mhudumu alikuwa mama mnene aitwaye Acom, na alinishika mkono kabla hajafunua shuka. Ebong alisema kweli. Nilitazama mara moja nikageukia ukuta.

"Unamjua?" Opolot aliuliza kutoka nje.

"Mgeuzeni."

"Nini?"

"Mama Acom, naomba umgeuze nione mgongo."

"Dada, hapa watu wote natazama uso," Acom alisema kwa upole. "Mgongo ni mgongo."

"Wale waliokaa naye steji walitazama uso. Mimi nilikaa nyuma."

Acom alinitazama, halafu akamwita Opolot aje kusaidia. Walimgeuza taratibu, kama anayelala.

Nywele zake zilishuka shingoni kwa ncha, zikazunguka upande wa kushoto kama maji yanayoingia shimoni. Bega la kulia lilikuwa chini ya la kushoto. Nyuma ya sikio palikuwa na kovu dogo la moto, limeng'aa, ambalo nililitazama asubuhi zote tulipokwama nyuma ya malori ya saruji. Niligusa lile kovu. Sikuwahi kumgusa kabla ya siku hiyo.

"Ndiye," nilisema. "Si mwizi."

Opolot alitoa kalamu. "Jina?"

"Chrispinus."

"Ya Kenya?"

"Ya Masinya. Hapa hapa Uganda, upande wa Busia. Kiswahili alikipata mpakani, alipokuwa akiwabebea Wakenya magunia. Mama yake anaitwa Nereah."

Nilijua kwa sababu pikipiki ikipanda kilima hupungua kelele, na hapo ndipo alipokuwa akizungumza, akiangalia mbele, maneno yakinijia na upepo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawakatazi wenzake kumwita Kenya. Alisema jina la Chrispinus lina mtu mmoja tu wa kuliita, naye yuko Masinya anaanika mihogo. Alisema atakwenda kumwona Krismasi. Krismasi ilipita, akasema Pasaka.

"Mlete huyo mama kabla ya asubuhi," Opolot alisema. "Baraza haingoji."

Nilipanda basi dogo la teksi la kwenda Busia, na pale Busia nikachukua boda hadi Masinya. Yule aliyenibeba alinisemesha njia nzima, nami nikitazama kisogo chake. Kituoni Masinya nilimtaja Nereah anayeanika mihogo, nikaelekezwa nyuma ya kanisa.

Alikuwa akikusanya mihogo kutoka mwambani kabla jua halijazama. Kisamia mimi sikijui, Kidhopadhola yeye hakijui, kwa hiyo nilimwambia kwa Kiswahili, na nilimwambia moja kwa moja, kwa kuwa sikuona njia ya kuzunguka. Hakulia. Aliendelea kuokota mihogo hadi kapu likajaa, akaliingiza ndani, akatoka amevaa leso ya kanisani.

"Twende," alisema.

Njiani alikaa dirishani akiwa ameukumbatia mkoba wake. Tulikuwa tumekaribia Tororo alipozungumza.

"Wewe ulikuwa nani wake?"

"Alikuwa akinipeleka kazini, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Mwaka huu alinenepa. Lile koti lake lilianza kumbana mabegani."

Alitikisa kichwa polepole, kana kwamba anampimia koti jingine.

"Na uso? Uso wake ulikuwaje?"

Konda alikuwa akigonga bati, watu wakianza kuinua mizigo yao.

"Mama," nilisema, "mimi nilikuwa nyuma yake siku zote."

Aliuchukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, akaushika hadi gari liliposimama.